Zakayo Hakupeleka Kitu Hekaluni

Mfuko wa sadaka katika kanisa nililokulia ulikuwa wa mahameli nyekundu, umeshonewa mpini wa mti. Ulipokufikia uliingiza mkono hadi kiwiko, ukafumbua kiganja humo ndani, ukautoa mtupu. Aliyeketi kando yako hakujua umeacha noti au kifungo cha shati. Bibi mmoja wa safu yetu alikuwa na desturi ya kuikunja noti yake ya shilingi hamsini mara nyingi, mpaka inabaki ndogo kama punje ya hindi.

Siku ya harambee mfuko haukuonekana. Meza ilitolewa mbele, ikatandikwa kitambaa cheupe, na kila jina likatajwa kwenye kipaza sauti pamoja na kiasi chake. Mheshimiwa alipoingia ibada ilisimama. Akapewa kiti, kisha kipaza sauti, kisha makofi. Bibi yule alitoa hamsini yake ileile, ila safari hii aliikunjua, maana mwenye kuhesabu alitaka kuiona.

Nimejiuliza kwa miaka mingi ni siku ipi kati ya hizo mbili alipotoa sadaka.

Neno lenyewe tumelipata kwa Waarabu, na kwao lina undugu na kusadiki: mzizi mmoja, wenye maana ya ukweli. Mkatoliki anaposema nasadiki, na Mwislamu anapomtolea maskini sadaka mlangoni pa msikiti, wote wanachota katika kisima kimoja. Ndiyo maana naamini kwamba kabla ya kuuliza sadaka ni kiasi gani, inafaa tuulize kama ina ukweli ndani yake.

Mwanazuoni Mfaransa Marcel Mauss aliandika mwaka 1925 kwamba zawadi ya bure haipo: kila kitolewacho humfunga mtu kupokea, na baadaye kurudisha. Wapwani walilijua hilo zamani, wakasema mla cha mwenziwe na chake huliwa. Mimi sioni ubaya hapo. Mitaa yetu inaishi kwa madeni ya namna hiyo. Leo msiba uko kwako, kesho arusi iko kwangu. Ubaya huanza pale mpokeaji anaponyimwa nafasi ya kusema hapana. Kitu usichoweza kukikataa hukupewa, umetwishwa.

Kwa hiyo nilisimama kidogo, moyoni, niliposikia habari za Novemba 2024. Tarehe 14 mwezi huo maaskofu Wakatoliki wa Kenya walitoa tamko kali kuhusu uongozi wa nchi. Jumapili ya tarehe 17 Rais William Ruto alisali katika kanisa Katoliki la Soweto, Nairobi, akatoa mchango wa fedha taslimu na kuahidi zaidi. Siku iliyofuata Askofu Mkuu Philip Anyolo alitangaza kwamba fedha zile zirudishwe, na kwamba kanisa lisiwe jukwaa la siasa. Waanglikana walikuwa wametangulia upande wa jukwaa: Septemba 2021, Rose Okeno alipowekwa wakfu kuwa askofu wa Butere, Askofu Mkuu Jackson Ole Sapit aliwazuia wanasiasa wasihutubie. Lakini kumnyima mtu kipaza sauti ni jambo moja, kumrudishia fedha yake ni jingine. Hilo la pili linauma mfukoni.

Najua linapouma, kwa sababu nimeketi chini ya paa linalovuja. Padri wa kijijini mwenye shule ya chekechea isiyo na madawati ana haki ya kuniuliza: unga ukifika jikoni, mtoto mwenye njaa atajua ulinunuliwa na nani? Sina jibu la kumtosheleza. Ninachoweza kumwambia ni kwamba swali lake ni la zamani. Yuda alipozitupa fedha zake hekaluni, makuhani wakuu, watu tusiowasifu kwa lolote katika habari ile, walikataa kuzitia katika sanduku la hazina kwa kuwa zilikuwa za damu. Wakanunua shamba la mfinyanzi, la kuzikia wageni. Hata wao walijua fedha haisahau ilikotoka. Kosa lao ni kwamba wao ndio waliozitoa kwanza, na dhamiri ikaja imechelewa. Kanisa lililokula meza moja na wakubwa kwa miongo kadhaa haliwezi kusoma mistari ile bila kujiona.

Halafu kuna Zakayo, mtoza ushuru wa Injili. Vijana wa Kenya walimpachika rais wao jina hilo kwa sababu ya kodi, na katika maandamano ya Juni 2024 dhidi ya mswada wa fedha, ambamo baadhi yao waliuawa kwa risasi, walipaza sauti wakitaka Zakayo ashuke. Wengi walilitaja jina hilo kwa hasira. Mimi ninalisoma pia kama mwaliko, kwa sababu Zakayo wa Yeriko alishuka kweli, tena kwa furaha, na Yesu akaenda kukaa kwake bila masharti. Mlango haukufungwa kwa mtoza ushuru. Ila tazama fedha yake ilikokwenda. Nusu kwa maskini, na kila aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Luka hataji hata sarafu moja iliyopelekwa hekaluni. Yesu hakumwomba mchango wa sinagogi, wala Zakayo hakutafuta mahali pa kusimama akatajwa jina. Fedha ilirudi ilikotoka, kwa watu wenye majina na nyumba, na ndipo wokovu ukasemwa kuwa umefika.

Ningepewa nafasi ya kuzungumza na mheshimiwa anayekuja na bahasha, ningempokea kwa heshima, nikampa kiti kama anavyopewa kila mgeni, kisha nikamwomba aipeleke bahasha ile hospitalini ambako dawa hazipo, au kwa mama aliyemzika mwanawe Juni ile. Jumapili ijayo aje mikono mitupu, mfuko utamfikia kama sisi sote.

Paa la kanisa letu liliezekwa hatimaye. Ahadi ya mheshimiwa wa siku ile ya harambee haikufika, kwa hiyo mabati yalinunuliwa kwa vipindi viwili, kila mara mfuko ulipojaa. Upande wa kushoto ni ya kijani, upande wa kulia hayana rangi.