Kontena na Swali la Kitu Kilekile

Kinachokifanya kitu kiwe kilekile kinapoonekana mahali pawili ni swali la kale la falsafa, nalo limerudi kwa nguvu katika kazi ya watengenezaji wa tovuti ambao, hasa tangu programu ya Docker ilipotolewa mwaka 2013, huendesha mradi kwenye kompyuta zao ndani ya kontena, yaani programu iliyotengwa na nyingine pamoja na faili zote inazozitegemea, kabla ya kuupeleka kwenye seva. Kontena hutokana na imeji, ambayo ni kifurushi cha faili kisichobadilika, na ahadi yake ni kwamba kinachofanya kazi kwa mmoja kitafanya kazi vilevile kwa wote.

Mwanafalsafa Leibniz alishikilia, katika maandishi yake ya mwaka 1686, kwamba hakuna vitu viwili vinavyotofautiana kwa idadi tu. Makontena mawili ya imeji moja yanaelekea kumpinga, lakini yakichunguzwa humuunga mkono, kwa kuwa kila moja huazima kutoka kwa kompyuta mwenyeji kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na mara nyingi pia faili za mradi wenyewe. Ukurasa unaoita picha «Logo.png», ilhali faili imeandikwa «logo.png», kwa kawaida huionyesha picha hiyo kwenye kompyuta ya Mac, isiyotofautisha herufi kubwa na ndogo katika majina ya faili, kisha huikosa kwenye seva ya Linux.

Zito zaidi ni suala la jina. Lebo ya imeji, kama «php:8.2», huweza kuhamishiwa imeji nyingine kila marekebisho yanapotolewa, ilhali alama ya SHA-256, yenye herufi na tarakimu 64, hukokotolewa kutokana na yaliyomo katika imeji, hata badiliko la baiti moja huibadilisha. Timu inayoandika lebo peke yake imekubaliana juu ya jina, huku ikiamini kwamba imekubaliana juu ya kitu.

Hata hivyo, alama hiyo haimalizi swali. Makala na akaunti za watumiaji hukaa katika hifadhidata, ambayo huwekwa kwenye voliumu, yaani hifadhi inayobaki hata kontena linapofutwa. Kontena likifutwa na kuundwa upya mara mia, tovuti ni ileile. Voliumu ikifutwa, imeji ileile huamka na alama yake ya herufi na tarakimu zote 64, wala hakuna mwandishi aliyepoteza makala zake humo atakayekubali kwamba hiyo ndiyo tovuti yake.