Pole ya Mwezi wa Nne

Mtaani kwetu mtu akifariki saa kumi alfajiri, ikifika saa mbili asubuhi turubai limeshasimama. Masufuria makubwa yametolewa stoo ya msikiti, akina mama wamekaa mkekani wanachambua mchele, na kijana mwenye daftari anapita akiandika nani katoa nini. Harusi hali kadhalika. Kadi za mchango husambazwa miezi mitatu kabla, kuna mwenyekiti na mweka hazina, kuna kikao kila Jumapili, na anayechelewesha ahadi yake anapigiwa simu. Sisi ni watu tunaojua kubebana. Nalisema hilo kwa moyo mkunjufu kabla sijasema linalofuata.

Msiba una siku yake na harusi ina siku yake. Ugonjwa mzito wa mtoto hauna siku. Haujulikani utakwisha lini wala utakwishaje, na kwa kuwa hauna siku, hatukuuundia kamati. Tunakwenda mara moja na mfuko wa sukari, tunasema “Mungu atampa nafuu”, tunaondoka. Tumeshatoa pole.

Miaka kadhaa iliyopita mtoto wa jirani yangu, mvulana wa miaka sita, alivimba taya. Wazazi walidhani ni jino, maana meno ya upande ule yalikuwa yanalegea. Likang'olewa moja, kisha la pili, na uvimbe ukazidi hadi jicho likaanza kusukumwa. Alipofikishwa hospitali ya rufaa wakaambiwa ni saratani. Juma lile la kwanza nyumba yao ilijaa watu. Mimi nilipeleka kilo tano za mchele na noti ya elfu kumi, nikaomba dua pamoja nao, nikarudi kwangu nimeridhika. Sikukanyaga tena pale hadi mwezi wa nne wa ugonjwa wake. Hatukuwa tumegombana. Niliamini tu kwamba wajibu wangu nimeutimiza.

Mwezi wa nne nilimkuta mama yake dukani. Alikuwa amefungua fundo la ncha ya khanga, na ndani yake mlikuwa na noti mbili zilizokunjwa pamoja na kadi ya kliniki iliyochakaa hadi imekuwa laini kama kitambaa. Alikuwa anahesabu kama nauli itatosha akinunua na sabuni. Nikamuuliza hali ya mtoto. Akanijibu taratibu, bila hasira yoyote: “Shoga, nyumba yangu imekuwa kama matanga yaliyokwisha. Watu wamekunja mikeka yao, na mgonjwa bado yumo ndani.”

Neno lile sijalisahau, na ndilo linalonifanya niandike leo.

Ugonjwa ule wa mvulana una historia na ukanda wetu. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland aliyekuwa akifanya kazi katika Hospitali ya Mulago, Kampala, aliuandika mwaka 1958 baada ya kuona watoto wengi waliovimba taya namna ileile, na jina lake likabaki nao. Ni uvimbe unaokua kwa kasi ya kutisha. Lakini pia ni miongoni mwa saratani za mwanzo kabisa kuonekana zikipona kwa dawa bila kisu, na sehemu kubwa ya ushahidi huo ilitoka hukuhuku kwetu, kwa watoto waliotibiwa Kampala na Nairobi miaka ya 1960. Kwa hiyo anayewaambia wazazi kwamba “saratani haina dawa, msijisumbue” anawaambia jambo lisilo kweli, na anawaambia wakati mbaya kuliko wote.

Wepesi wa uvimbe huo kuitikia dawa ndio mtego wake. Dripu za kwanza tu, taya linaweza kunywea ndani ya siku chache. Mtoto anaomba uji, anacheka, anauliza habari za mpira wake. Mvulana yule aliporudi nyumbani mara ya kwanza uso umerudi mahali pake, nilimwona kwa mbali nikamwambia mama yake: “Alhamdulillahi, si kapona huyu!” Nilikuwa nafurahi naye. Baadaye ndipo nikajua furaha yangu ilifanya kazi gani. Jioni ileile baba mtu alisema kwamba hata majirani wanaona mtoto mzima, nauli ya kurudi tena hospitali ya nini? Kumbe mbegu za ugonjwa zilikuwa bado mwilini, na dripu zilizobaki ndizo zilizokuwa za kuzimaliza. Mama alishikilia wakarudi. Mvulana alimaliza dawa zake zote, na katika hilo mimi sina sifa.

Shirika la Afya Duniani linaeleza kwamba katika nchi tajiri zaidi ya asilimia 80 ya watoto wenye saratani hupona, ilhali katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati hawafiki asilimia 30. Mwaka 2018 lilianzisha mpango wa dunia wenye lengo la kuwavusha angalau asilimia 60 ifikapo 2030. Katika sababu linazozitaja za pengo hilo, kama kuchelewa kugundua ugonjwa na uhaba wa huduma, ipo moja inayotuhusu sisi majirani moja kwa moja: matibabu kuachwa katikati. Hiyo daktari hawezi kuimaliza peke yake. Mtoto anayeachishwa matibabu anaachishwa nyumbani, mara nyingi kwa sababu ya nauli, ya shamba lisilolimwa, ya ndugu zake waliobaki bila mpishi, na ya maneno ya watu.

Tuanze na nauli. Hospitali zetu zinazotibu saratani za watoto ni chache: Muhimbili, Bugando, KCMC, na nyingine za kuhesabu. Anayetoka Tunduru au Mpanda anasafiri mchana kutwa na zaidi. Hata pale dawa zinapotolewa bure, basi halipandwi bure. Tena lipo jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Kabla ya kila dripu mtoto hupimwa damu. Chembe nyeupe zikiwa zimeshuka mno, dawa haitolewi siku ile. Mama anaambiwa arudi baada ya juma moja au asubiri hukohuko. Amekwenda, amerudi, hakupewa kitu, na nauli imekwisha. Akishuka stendi anakutana nasi tukiuliza: “Mbona mmerudi upesi? Wamewakatia tamaa?” Tungejua jinsi swali hilo linavyochoma, tungemeza mate. Mwambie “Karibu nyumbani, poleni na safari.” Inatosha.

Kwa hiyo nasaha yangu ya kwanza ni kwamba mchango wa ugonjwa usiwe wa siku moja. Nyumba kumi zikitoa shilingi 3,000 kila mwezi, hiyo ni 30,000 inayojulikana kwamba itakuja, na mama anaweza kuipangia. Laki mbili za juma la kwanza, ambazo mara nyingi huishia kwenye vipimo na deni la dukani, hazimfikishi mwezi wa nne. Uvimbe kama ule hutibiwa kwa miezi. Saratani ya damu huweza kuchukua miaka miwili hadi mitatu. Atafutwe mtu mmoja mwaminifu, balozi au mama wa kikoba, awe mweka hazina. Yeye ndiye awasomee wachangiaji hesabu, si mama wa mtoto. Nimewahi kuona mwanamke aliyetoka kukesha wodini akisimamishwa mbele ya kikao aeleze kwa nini alinunua soda. Msaada unaomvua mtu heshima yake anaulipa kwa machozi.

La pili ni usiku. Mtoto aliye kwenye dawa hizi kinga yake hushuka, na homa kwake si homa ya kutuliza kwa kitambaa cha maji hadi kuche. Ni dharura, anatakiwa hospitali saa ileile apate dawa za kuua vijidudu. Sasa fikiria saa nane usiku, mtoto anachemka, baba hayupo, na ndani hakuna hata elfu tano. Kama una bajaji, au pikipiki, au kijana wako ni dereva wa bodaboda, usingoje kuombwa. Nenda leo mchana, simama mlangoni, sema: “Usiku wowote, nipigie. Simu yangu siizimi.” Kisha usiizime. Mwenye kuuguza hujifunza haraka nani anasema kutoka moyoni na nani anasema kwa adabu tu.

Kinga hiyohiyo iliyoshuka inatuwekea adabu ya kutembelea. Una mafua, kikohozi, au nyumbani kwako yupo mtoto mwenye tetekuwanga? Usiingie. Peleka ulichonacho, kiache kizingitini, toa salamu dirishani. Ukiingia nawa mikono, usimbusu mtoto, usikae hadi mama alazimike kukupikia chai. Ila usimkimbie kwa kudhani utaambukizwa, maana saratani haiambukizi. Kama mwanao ni mzima na kanawa mikono, mama wa mgonjwa akiridhia, mruhusu akacheze naye bao kibarazani. Mtoto mwenye kichwa kisicho na nywele anajua sana pale wenzake wanapoitwa nyumbani mara tu anapotokea.

Nitasema pia juu ya damu, kwa kuwa ni sadaka isiyohitaji fedha. Watoto hawa mara kwa mara huongezewa damu, na benki ya damu haijai yenyewe. Mtu mzima mwenye afya, aliyetimiza miaka 18 na uzito wa kilo 50, anaweza kuchangia. Mwanamume kila baada ya miezi mitatu, mwanamke kila baada ya minne. Vijana wa mtaa wakigawana zamu, watano mwezi huu na watano mwezi ujao, itakuwa heri kuliko kukimbizana thelathini siku moja halafu mwaka mzima kimya.

Yako maneno ambayo ulimi mwema huyaacha. “Mmemkosea nani?” “Upande wenu una maradhi haya?” “Kuna mzee mmoja kule, mtoeni hospitali kwanza mumjaribu.” Dua sikatazi, mimi mwenyewe naomba, na ninaamini inasikika. Ninalokataza ni kumvuta mtoto katikati ya matibabu kwa maneno ya kusikia, kisha mambo yakiharibika mwenye maneno asionekane. Na picha. Jamani, picha! Mtoto kifua wazi, uso umevimba, anazungushwa kwenye simu za watu asiowajua kwa kisingizio cha kuchangisha. Kama hapana budi, wazazi waulizwe, na mtoto mwenyewe aulizwe kama ana umri wa kuelewa. Akipona atakuwa kijana, ataoa, na picha ile itakuwa bado inazunguka. Wazee wetu walikuwa na neno sitara, na hawakuliweka kwa ajili ya nguo peke yake.

Akina baba nao tusiwasahau. Mama yuko wodini, watu wanamwona na kumpa pole. Baba amebaki na kazi inayolegalega na chumba kimya. Baba wa mvulana yule ni seremala. Miezi ile oda zilimkimbia kwa sababu kila alipoahidi kitanda Ijumaa, Alhamisi aliitwa hospitali. Fundi mwenzake mmoja alichukua oda mbili akazimaliza kwa jina la mwenziwe na malipo akampa yote. Hiyo nayo ni pole, tena yenye harufu ya mbao.

Lakini pale nilipoumia zaidi ni kwa dada wa mgonjwa. Alikuwa na miaka kumi na moja. Mama alipokuwa hospitali yeye ndiye aliyewasha jiko, akamwogesha mdogo wao wa mwisho, akafika shule kengele imekwishalia. Mwalimu alimwandika mchelewaji. Hakuna mtu mzima aliyekwenda kueleza, na mimi mlango wangu ulikuwa hatua thelathini kutoka kwao. Siku moja alimuuliza mama yake: “Na mimi nikiumwa, utakaa na mimi?” Nyumba yenye mtoto mgonjwa ina watoto wengine ambao hawajaumwa, na hao ndio ambao jirani anaweza kuwasaidia vizuri kuliko daktari yeyote. Mchukue mmoja akalale kwako na wanao. Mfulie sare. Nenda naye shule, mwambie mwalimu hali ilivyo. Mwache awe mtoto, hata kwa jioni moja.

Nilimuuliza mama yule, siku moja tukiwa tumekaa kibarazani kwake na mvulana wake anakimbiza gari la maboksi uani, ni kitu gani kilichomshikilia. Nilitarajia ataje mchango mkubwa uliotoka kwa mfanyabiashara wa sokoni. Akamtaja bibi muuza maandazi wa nyumba ya nyuma, ambaye jina lake halikuwamo kwenye daftari kwa kuwa hakuwa na cha kuchangia. Bibi huyo alijua kwamba wanarudi siku za Alhamisi jioni. Mama akasema alikuwa anashuka kwenye basi mtoto mgongoni, miguu imevimba, akiwaza kwamba bomba la mtaa limeshafungwa na nyumbani hakuna hata tone. Akifungua mlango, pipa limejaa hadi ukingoni na limefunikwa na ungo. Kila Alhamisi, miezi sita. Anamlaza mtoto, anachota kata moja, anamnawisha uso.