Dada, Uliicheza?

Desemba iliyopita nilimpa kijana wa kidato cha tatu alama 42 kwa 100, kisha nikamwandikia chini ya karatasi, kwa wino mwekundu: "Umetoka nje ya mada." Siku tatu baadaye aliniuliza swali la maneno mawili. Nimekuwa nikilijibu kichwani tangu siku hiyo, na bado sijamaliza.

Anayeijua Kibosho anajua kwamba Kibosho ya Desemba si ile ya Machi. Magari ya Dar yanapanda mlima yakiwa na vumbi la Chalinze, nyumba zilizofungwa mwaka mzima zinafunguliwa madirisha, mbuzi wanapungua, mbege inaongezeka. Wenye kazi na wenye kuitafuta, sote tunarudi kihambani. Mimi nilirudi na begi la vitabu, maana nasoma shahada ya uzamili ya fasihi, na nyumbani jambo hilo limeshanifanya mtaalamu wa kila kitu chenye herufi.

Ndivyo nilivyopata ujaji. Mwalimu mmoja, rafiki wa familia, alikuwa ameandaa shindano dogo kwa vijana walio likizoni: andika tahakiki ya gemu unayoipenda, kwa Kiswahili, kurasa mbili. Hoja yake ilikuwa nzuri. Vijana wanashinda kwenye mabanda ya gemu. Kama tumeshindwa kuwatoa, alisema, basi tuwafuate huko na kalamu. Karatasi zilikuja 23. Majaji tulikuwa wawili, yeye na mimi.

Kuna jambo sikumwambia. Gemu pekee niliyowahi kucheza maishani ni ile ya nyoka kwenye Nokia ya mama. Banda lilikuwepo pale njia panda tangu nikiwa darasa la nne, lakini lilikuwa la wavulana. Msichana akisimama mlangoni dakika moja, habari zinafika nyumbani kabla yake. Nilikua nikisikia zile kelele kutoka barabarani, nikiwa na ndoo kichwani, na nikajifunza kuzidharau, kama tunavyojifunza kudharau tusichoruhusiwa kukigusa.

Lakini msomi hakosi njia. Niliingia mtandaoni, nikasoma tahakiki sita au saba za Kiingereza, nikachora jedwali: picha, sauti, uchezaji, hadithi, hitimisho. Kila kipengele alama 20. Nikakaa barazani na chai, nikaanza kuhukumu.

Kijana wangu wa alama 42 aliandika juu ya Grand Theft Auto: San Andreas, gemu ya mwaka 2004 ambayo kwenye mabanda yetu bado ni hai kama jana. Juu ya picha hakuandika neno. Juu ya sauti, hakuna. Alianza kwa kueleza anavyoteremka kutoka kwao mpaka bandani, akaeleza bei ya saa moja, kisha akaandika hivi: "Wote wanabonyeza kitufe hadithi ipite, wafike kwenye bunduki. Ukilipa kwa saa, hadithi ni hasara. Mimi siku moja niliiacha." Akasimulia alichokiona: CJ, mhusika mkuu, anarudi nyumbani baada ya miaka mitano kwa sababu mama yake ameuawa. Anaingia, nyumba tupu, anashika picha ya mama. Kutoka hapo kijana akahamia Kibosho, kwenye nyumba nzuri za mabati mapya zinazofunguliwa wiki mbili kwa mwaka, na watu wanaorudi kwa wakati hasa siku ya maziko. Halafu akarudi kwenye gemu, akasema aliendesha gari mpaka Mount Chiliad, mlima mrefu kuliko yote mle ndani, aone kama una theluji. Hauna.

Hapo kwenye theluji ndipo nilipoandika kwamba ametoka nje ya mada.

Wa kwanza, kwa alama zangu, alikuwa kijana aliyeandika juu ya Spider-Man 2. Vipengele vyote vitano vilikuwepo, kwa mpangilio. Ilinukia kama zile tahakiki nilizosoma mtandaoni. Nilimpa 88.

Mwalimu mwenzangu yeye alikuwa amempa kila mtu kati ya 75 na 85. Tulibishana. "Watoto hawa ndiyo kwanza wanashika kalamu," alisema. "Tusiwavunje moyo." Nikamjibu kwa methali, kama mtu anayetupa karata ya mwisho: mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Alicheka, akachukua wastani wa alama zetu, ukumbini zikatolewa zawadi za madaftari na kalamu, tukapiga picha.

Nilikuwa naelekea nyumbani aliponifikia, karatasi yake mkononi.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, mdogo wangu."

"Dada, uliicheza?"

Nilielewa mara moja anachouliza, ila nikajifanya sijaelewa. "Nini?"

"San Andreas."

Nikamwambia sijaicheza, lakini ninajua tahakiki inavyopaswa kuandikwa. Aliitikia kwa kichwa. "Sawa, dada. Asante." Angebisha ningepata pa kusimama. Ile asante ndiyo iliyonifuata mpaka kitandani.

*

Sikuwa wa kwanza. Mwaka 2010 Roger Ebert, mhakiki wa filamu aliyesifika sana Marekani, aliandika kwamba gemu haziwezi kamwe kuwa sanaa. Wachezaji walimjia juu kwa maelfu. Miezi michache baadaye aliandika tena. Msimamo wake hakuufuta, ila alikiri kwamba hakupaswa kuutangaza bila uzoefu wa kucheza hizo gemu. Nimelifikiria sana jambo hilo. Huenda Ebert alikuwa sahihi, huenda hakuwa, lakini kosa alilolikiri halihusiani na usahihi wake. Hata kama hukumu yangu ya 42 ingekuwa sawasawa, nilikuwa nimeipata kwa njia isiyo halali, kama mwanafunzi aliyebahatisha jibu la hesabu.

Kiswahili chenyewe kinatuonya. Hukumu, hakimu na hekima zimetoka mzizi mmoja wa Kiarabu. Hakiki, hakika na haki zimetoka mzizi mwingine. Kuhakiki ni kutafuta hakika ya kitu, kama karani anavyohakiki majina kabla ya kuyatangaza. Hukumu huja baadaye, na inadai hekima. Mimi nilikuwa nimeanza na hukumu, tena kwa jedwali la kuazima.

Darasani tuliwahi kusoma insha ya David Hume ya mwaka 1757 kuhusu kipimo cha ladha. Mle anakumbusha kisa kutoka Don Quixote: ndugu wawili wanaonjeshwa divai ya pipa moja. Mmoja anasema ni nzuri, ila ina ladha kidogo ya ngozi. Wa pili anasema ni nzuri, ila ina ladha ya chuma. Watu wanawacheka wote wawili, mpaka pipa linapokauka na chini yake kuonekana ufunguo uliofungwa kwenye kamba ya ngozi. Tulikijadili kisa hicho saa nzima: je, ladha ina ukweli? Hakuna hata mmoja wetu aliyetaja jambo lililo wazi kuliko yote, kwamba wale ndugu walikuwa wamekunywa.

Bibi yangu analijua bila Hume. Usiku ule nilimsimulia, tukiwa jikoni, naye akanisimulia kuhusu kahawa. Enzi zake kahawa ya maganda waliipeleka kwenye chama cha msingi, kutoka hapo ikashuka mjini Moshi kukobolewa na kupangwa madaraja: AA, A, B, PB. Kabla ya yote hayo palikuwa na karani wa mizani. Mwaka mmoja karani alitumbukiza mkono kwenye gunia lake, akanusa, akatafuna punje moja, akamwambia: "Mama, hii umeiacha kwenye maji siku moja zaidi."

"Ulikasirika?" nilimuuliza.

"Sana. Nilikuwa nimemzaa mjomba wako wiki hiyo. Ni kweli ilikaa siku moja zaidi."

"Sasa mbona unamsifu?"

"Kwa sababu alitafuna," alisema. "Na mwaka uliofuata nilijua cha kufanya."

Nimezigeuza sentensi hizo mbili za bibi kila upande, na naona zimebeba karibu kila kitu. Karani hakusema kahawa ni mbaya. Hakusema bibi ni mvivu. Alitaja kosa lenye chanzo, na chanzo kilichomo ndani ya uwezo wa mkulima. Aliweza kukitaja kwa sababu punje ilikuwa mdomoni mwake. "Umetoka nje ya mada" haina punje. Na alama 80 za mwalimu mwenzangu, kwa upole wake wote, nazo hazina punje. Tulibishana kana kwamba tuko pande mbili, ukali na huruma, kumbe tulikuwa upande mmoja: hakuna aliyetafuna. Hata ile methali niliyomtupia niliielewa nusu. Mgema huharibiwa na sifa za mtu asiyejua tembo lililotiwa maji lina ladha gani. Mnywaji wa kweli akimsifu, mgema hapati mwanya.

*

Asubuhi ya tarehe 27 nilishuka njia panda nikaingia bandani. Miaka ishirini na sita, mlango ule ule. Wavulana walinyamaza kama mwalimu ameingia. Mwenye banda alifuta kiti kwa shati lake. Nililipa saa mbili, nikapewa pedi, nikafundishwa kitufe cha kutembea na mtoto wa darasa la sita ambaye uvumilivu wake ulikuwa na mipaka.

Hadithi ilipoanza, watatu walinyoosha mikono kunionyesha kitufe cha kuiruka. Nikasema hapana, naangalia. Wakaguna. Muda wangu ulikuwa ukienda, nami niliusikia ukienda, kama mita ya teksi. Ndipo sentensi ya kijana iliponifikia: ukilipa kwa saa, hadithi ni hasara. Katika zile tahakiki sita au saba nilizosoma, hakuna aliyeandika jambo hilo, na sidhani kama angeweza, kwa kuwa mwandishi anayeimiliki mashine nyumbani kwake hana sababu ya kuliona. Kijana wa Kibosho alikuwa amegundua kwamba gemu moja ni gemu mbili, kutegemea nani analipia umeme. Mimi nilimkata alama kwa kutotaja sauti.

Niliona nyumba tupu. Niliona picha ya mama. Kisha nikapewa baiskeli, nikaanguka nayo, banda zima likacheka, nikafa kabla ya saa ya kwanza kuisha.

Nikamuuliza mwenye banda kuhusu Spider-Man 2. Alitabasamu. Hiyo kwa upande wa PlayStation inataka ya 5, alisema, na yeye hana. Baadaye nilimuuliza mshindi wetu mwenyewe, bila kumtega. Aliitazama yote kwenye simu ya dada yake, watu wengine wakiicheza, kwa bando la usiku. Hakudanganya. Hakuna mahali tuliposema lazima uwe umecheza. Nilifikiria zawadi yake, nikaona siwezi hata kuigusa kwa maneno. Aliandika juu ya kitu alichokiona mikononi mwa wengine, akahukumiwa na mtu aliyefanya vivyo hivyo, tukapeana 88.

*

Niliomba karatasi ya kijana wangu, nikaandika maoni upya nyuma yake. Nilijichunga nisitumbukie upande wa pili, maana mwenye hatia hupenda kugawa sifa kama pipi. Tahakiki ile ina kasoro kweli. Imeanza mara nne. Msomaji hajui mwishowe kama acheze au asicheze. Nikayaandika hayo. Nikaandika kwamba sentensi ya hasara inapaswa kuwa ya kwanza, na kila kitu kingine kiifuate. Nikaandika kwamba niliicheza, kwa saa mbili tu.

Na kwa kuwa niliicheza, niliweza kumuuliza jambo ambalo jedwali lisingenipa: "Umemhurumia CJ kwa kufiwa na mama. Wale anaowagonga kwa gari njiani, mama zao wako wapi? Gemu inakutaka umlilie mmoja na usiwaone wengine. Hilo ulilionaje?"

Nilimpelekea mwenyewe, kwao, tarehe 30. Aliisoma akiwa amesimama chini ya mgomba. Alipofika mwisho alirudi juu, akasoma tena.

"Kwa hiyo dada, ningepata ngapi?"

Nilitamani kusema 90. Kusema kweli niliona hata haya kwa jinsi nilivyotamani. "Sitini na nane," nilisema.

Alipiga hesabu kichwani. "Ningekuwa wa tano."

"Wa nne."

"Na sasa?"

"Sasa matokeo yalishatoka. Hilo siwezi kulirudisha, mdogo wangu. Nisamehe."

Hakusema amesamehe, wala hakusema asante. Aliikunja karatasi mara mbili akaiweka mfukoni. "Hili la mama zao sikuliona," alisema. "Nikiliandika itabidi nianze upya kabisa."

"Anza."

"Pasaka unakuja?"

Nikamwambia nitakuja. Nauli ya Pasaka sijui nitaitoa wapi, lakini tayari nimemwomba mdogo wangu anayeishi Ubungo aniazime pedi yake.