Kufuga na Kulea

Kiswahili kina vitenzi viwili ambavyo mtu anayejifunza lugha hii huvichanganya kwa muda mrefu kabla hajavizoea, navyo ni kufuga na kulea. Ng'ombe hufugwa, mtoto hulelewa. Afugaye hutazamia faida, iwe ni maziwa, iwe ni mayai, iwe ni ulinzi wa usiku. Na aleaye hutazamia siku ambayo mlelewa atasimama kwa miguu yake mwenyewe na kumwacha. Vitenzi hivi vimetutosha siku zote, maana kila kiumbe aliyeishi nasi alikuwa na mlango wake. Lakini leo wako watu, hasa katika miji ya Ulaya na Marekani, wanaokaa na bata ndani ya nyumba, si bandani wala si uani, bali sebuleni na chumbani. Humpa jina, humwogesha katika hodhi lao, humvika nepi ili asichafue zulia, na jioni humketisha kitini kando yao. Hawamli wala hawamuuzi. Wakipata mayai yake hushukuru, wasipoyapata hawalalamiki. Je, watu hao wamfuga bata huyo au wamlea? Swali laonekana dogo, na wengi watalicheka. Mimi nadhani lina uzito, kwa kuwa ndani yake limo swali jingine kubwa zaidi: kiumbe tukimfanya atupende, tuna deni gani kwake?

Yafaa kwanza tumjue bata mwenyewe. Mabata wengi wa kufugwa ulimwenguni ni uzao wa bata mwitu yule mwenye kichwa cha kijani aishiye katika maziwa na mito ya Ulaya, Asia na Amerika ya Kaskazini. Wafugaji wa China walimtia mkononi tangu kale, wakamfanya mzito, mweupe na mvivu wa kuruka. Mwaka 1873 bata weupe wa namna hiyo walisafirishwa kutoka China mpaka Marekani, na wengi wa wale wanaokaa sebuleni huko leo ni wa uzao huo. Bata yule aonekanaye sana katika nyua zetu, mwenye nyama nyekundu usoni, ambaye dume lake halilii bali hufoka kama mvuke wa birika, ni wa ukoo mwingine kabisa: asili yake ni Amerika ya Kati na ya Kusini, na wenyeji wa huko walimfuga kabla Columbus hajafika. Basi huyu wetu naye ni mgeni, kama alivyo mgeni bata bukini, ambaye hata jina lake ni lile walilokiita Waswahili wa zamani kisiwa cha Madagaska. Nasema haya kwa sababu wako wanaodai kwamba kumweka bata ndani ya nyumba ni kinyume cha maumbile. Maumbile yapi? Bata asiyeweza kuruka, mwenye kifua kizito kuliko nguvu za miguu yake, alikwisha kutolewa katika maumbile zamani sana kabla hajaingizwa sebuleni. Hoja ya maumbile haitufikishi mbali, na afadhali tuiache.

Linalonishughulisha zaidi ni namna bata anavyoingia katika mapenzi hayo. Mwaka ule ule wa 1873 Mwingereza Douglas Spalding alieleza kwamba kifaranga cha kuku, akiwa ametoka yaini karibuni, humfuata kiumbe yeyote aendaye mbele yake. Oskar Heinroth wa Berlin aliyaona mambo hayo hayo katika makinda ya bata bukini, akayaandika mwaka 1911. Baada yake akaja Konrad Lorenz wa Austria, ambaye nyumba yake ilikuwa Altenberg, karibu na mto Danube. Yeye alilea bukini waliolala chumbani mwake usiku na kuruka kutoka dirishani asubuhi. Vifaranga vya bata vilimpa kazi kubwa zaidi. Walikataa kumfuata mpaka alipochuchumaa na kutambaa bustanini huku akilia kama bata jike pasipo kupumzika. Alipoinuka au kunyamaza, walianza kulia kama watoto walioachwa. Kwa kuwa nyasi zilikuwa ndefu na ziliwaficha vifaranga, watu waliosimama kwenye ua hawakuona ila mtu mzima mwenye ndevu akitambaa na kulia kwa sauti ya bata.

Kisa hiki huchekesha, lakini kilichofuata hakichekeshi. Katika miaka ya 1950 mtaalamu Eckhard Hess aliwajaribu vifaranga huko Marekani kwa bata wa mbao aliyezungushwa na mashine. Vifaranga wakamfuata. Aliona kwamba saa zenye nguvu kupita zote ni kati ya ile ya 13 na ile ya 16 baada ya kutotolewa. Aliyekuwa mbele ya macho wakati huo ndiye aliyekuwa mama, hata akiwa gogo lililopakwa rangi.

Mwenye bata hupenda kusema, "Tazama, ananifuata kila niendako, amenichagua mimi." Hakumchagua. Alikuwapo tu saa ile, kama gogo lile lilivyokuwapo. Kufuatwa na bata si ushahidi wa wema wa mtu, wala si ushahidi wa ubaya wake. Ni ushahidi kwamba mtu huyo, na si mwingine, ndiye aliyefungua kisanduku asubuhi fulani. Huenda msomaji akajibu kwamba hata mtoto wa binadamu hamchagui mama yake, na hakuna athubutuye kusema kwamba mapenzi ya mtoto ni ya uongo. Jibu hilo ni la haki nami nalikubali. Pendo lisilokuwa na hiari si lazima liwe pendo bandia. Lakini tazama linatupeleka wapi. Ikiwa mmoja wa wawili hakuwa na hiari, basi hiari yote ilikuwa ya mwingine, na deni lote ni lake. Mtoto hukua akaja kuuliza, akaja kukataa, akaja kusamehe. Bata hatafika huko. Lililoamuliwa kwa niaba yake katika siku yake ya kwanza litabaki limeamuliwa mpaka afe, na bata akitunzwa vizuri huishi miaka kumi au zaidi.

Tena kuna jambo ambalo wenye mapenzi ya namna hii hawalijui sana. Gilbert Gottlieb, mtaalamu wa North Carolina, aliwachunguza kwa miaka mingi vifaranga walioanguliwa kwa mashine, ambao hawakupata kumsikia mama yeyote. Alipowasikilizisha sauti ya bata jike wa aina yao pamoja na sauti za majike wa aina nyingine, waliikimbilia ile ya aina yao. Waliijuaje? Aligundua kwamba kifaranga, angali ndani ya yai, huanza kutoa sauti, na kwa kujisikia mwenyewe na kuwasikia ndugu zake walio katika mayai ya kando, sikio lake hutayarishwa kuisikia sauti ya mama. Wale walionyamazishwa yaini kwa kupasuliwa hawakuweza kuichagua vema. (Nimejiuliza mara nyingi kama elimu hiyo ilistahili bei yake, na mpaka sasa sijapata jibu.) Maana ya uchunguzi huo ni kwamba kifaranga haji kwetu mtupu kama karatasi nyeupe. Anakuja akiwa amekwisha kungojea kitu. Anamfuata mtu kwa kuwa mtu ndiye aliyepatikana, na chini ya kufuata huko kuna masikio yaliyotayarishwa kwa sauti nyingine.

Mwili wake nao una madai. Bata hawezi kuyasafisha macho na matundu ya pua asipopata maji ya kina cha kuzamisha kichwa chote. Sahani ya maji ya paka haimtoshi. Ana tezi ya mafuta karibu na mkia, ambayo huisugua kwa mdomo na kuyapaka manyoya yake, na kazi hiyo huifanya baada ya kuoga, mara nyingi kwa siku. Miguu yake iliumbwa kwa tope na majani. Juu ya vigae na sakafu ngumu nyayo huchubuka, huvimba na kuingiwa na usaha. Choo hafundishiki kukizuia, na ndiyo maana nepi imebuniwa. Katika kinyesi chake aghalabu mna vijidudu vya salmonela, ambavyo humdhuru mtoto mchanga na mzee kuliko mtu mzima mwenye afya. Basi yule amwekaye sebuleni hana budi kuchagua kila siku kati ya nyumba iliyo safi na bata aliye bata, na ninaogopa kwamba mara nyingi nyumba ndiyo hushinda.

Hapa nyumba ya Kiswahili ya zamani ilikuwa na hekima ambayo haikusudiwa kwa ajili ya bata, lakini ingalimfaa. Mtu alitoka barazani akaingia ukumbini, akapita vyumba, akatokea uani. Na ua haukuwa nje. Ulikuwa ndani ya kuta, ndani ya sitara, na juu yake palikuwa na mbingu. Humo walipikia, walifua, waliketi, na kuku na bata walipita kati ya miguu yao. Hakuna aliyelazimika kuuliza kama bata yumo ndani au yuko nje. Swali hilo limezaliwa na nyumba za ghorofa, ambazo zina mlango mmoja tu, na upande wa pili wa mlango huo ni ngazi.

Najua pingamizi ambalo msomaji wa kwetu amekuwa nalo tangu mstari wa kwanza: bata avikwe nepi, ilhali mtoto wa jirani hana shuka? Sitalipuuza. Mgeni hupewa jembe siku ya tatu, na bata huyu hapewi jembe maisha yake yote. Walakini pingamizi hilo, likichunguzwa, ni la kupinga anasa zote kwa jumla, na asemaye hivyo yampasa aanze na redio yake, na saa yake, na kiti anachokalia. Huruma haipimwi kwa kibaba, kwamba ikimiminwa huku hupungua kule. Ningependa kuishia hapo, lakini kisa cha Lorenz chanizuia. Mtu huyo aliyetambaa nyasini kwa ajili ya vifaranga alijiunga na chama cha Nazi mwaka 1938. Mwaka 1940 aliandika kwamba kama vile mnyama wa kufugwa anavyoharibika tabia, ndivyo mwanadamu wa mijini anavyoharibika, na kwamba taifa lapaswa kuwachuja walioharibika. Alipata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, na mwaka 2015, alipokuwa amekwisha kufa miaka mingi, Chuo Kikuu cha Salzburg kilimvua shahada ya heshima kwa sababu ya mambo hayo. Basi huruma haipungui kwa kumpa ndege, lakini pia haienei yenyewe. Mtu aweza kuamka usiku kumtuliza kinda la bukini, na asubuhi akaandika sentensi inayowatoa wenzake katika ubinadamu.

Sarufi yetu, kwa hakika, ina mashaka yake juu ya jambo hili. Twasema bata amelala, bata ameamka, kama tusemavyo juu ya mtu. Lakini twasema ndugu yangu, rafiki yangu, hata adui yangu. Bata ni bata wangu.

Wengi wa wanaokaa na bata ndani ni watu wapweke, na sina moyo wa kuwacheka. Mjane katika chumba cha ghorofa ya sita, ambaye simu yake hailii wiki nzima, akipata kiumbe anayepiga kelele za furaha asikiapo ufunguo mlangoni, nani atamwambia kwamba furaha hiyo ni hesabu ya saa 13 mpaka 16 tu? Lililo baya zaidi halitendwi na huyo. Hutendwa kila mwaka wakati wa Pasaka, hasa Marekani, ambapo vifaranga vya bata huuzwa kama vitu vya kuchezea watoto, na zamani hata walipakwa rangi mpaka majimbo kadhaa yakalipiga marufuku jambo hilo. Wiki chache zikipita, kifaranga huwa bata mkubwa mwenye kinyesi kingi, naye hupelekwa kwenye bwawa la bustani ya mji na kuachwa. Hajui kuruka, hajui kujitafutia, hajui kumwogopa mbwa. Humkimbilia kila mtu apitaye.

Basi mtu aliyekwisha kumwingiza bata nyumbani afanye nini? Sheria ya Uswisi ya mwaka 2008 juu ya ulinzi wa wanyama yasema kwamba mnyama wa jamii lazima apate kuishi na wenzake, na wafugaji wenye maarifa husema vivyo hivyo: bata asiwe mmoja. Wengi hulikubali jambo hili haraka, wakidhani gharama yake ni pishi moja zaidi ya nafaka. Gharama iko kwingine. Bata wa pili akiletwa, wa kwanza humzomea, humfukuza, humnyang'anya chakula siku kadhaa. Kisha siku moja huoga pamoja. Kisha hulala pamoja, kila mmoja ameficha mdomo mgongoni. Na jioni moja mwenye nyumba huingiza ufunguo mlangoni, akasimama kidogo kama ilivyo desturi yake, na ndani hapasikiki ila mazungumzo yao wawili ya chini chini, upande wa penye maji.