Jino Halikujipaka Rangi

Somo: 1 Wakorintho 12:12–27

Leo naanza kwa kuomba msamaha, na naomba hapa kwa maandishi kwa sababu kosa lenyewe nililifanya mbele yenu wote, madhabahuni, kipaza sauti mkononi.

Wiki tatu zilizopita, nikisoma matangazo, nilifanya mzaha kuhusu "tabasamu la Nakuru." Mlicheka. Dada mmoja wa timu ya sifa hakucheka. Alifunika mdomo na akaimba wimbo wa mwisho hivyo hivyo, mkono usoni. Alhamisi hakuja mazoezi. Jumapili hakuja kabisa. Nilipoenda kwao, mamake alinipa chai, kisha akaniambia polepole, "Pasta, huyu mtoto amesugua hayo meno na jivu, amesugua na makaa, mpaka ufizi ukatoka damu. Wewe unadhani hapigi mswaki?" Chai ilinishinda kumeza. (Dada amenikubalia niandike haya bila jina lake.)

Mimi nilisoma biashara pale Egerton, si udaktari, kwa hivyo ilibidi niulize watu wanaojua. Wacha niwapeleke nilikopelekwa.

Mwili umepangwa kwa ngazi. Chini kabisa kuna seli. Seli za aina moja zikikaa pamoja zinakuwa tishu. Tishu kadhaa zikishirikiana zinakuwa kiungo, kama moyo ama figo, na viungo vikifanya kazi moja vinaitwa mfumo. Nilipoona hivyo nikasema, hii ni kampuni na idara zake! Lakini kuna tofauti. Kwa kampuni, idara moja inaweza kuficha hasara miaka mingi na zingine zisijue. Mwilini idara zote zinahudumiwa na mfereji mmoja, yaani damu.

Sasa fikiria kikombe cha maji ya kisima. Huku kwetu Bonde la Ufa ardhi ni ya volkano, na maji yakipita kwa hiyo miamba yanabeba floraidi. Shirika la Afya Duniani linasema isizidi miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya huku vinapita hapo. Maji yanaingia tumboni, utumbo unaipeleka floraidi kwa damu, figo zinatoa kiasi kwa mkojo, na karibu yote inayobaki inakaa kwenye mifupa na meno.

Ganda la nje la jino ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, lakini linajengwa mtoto akiwa mdogo, jino likiwa bado limejificha ndani ya ufizi. Meno mengi ya ukubwani ganda lake linakuwa tayari kabla mtoto hajapita miaka 8 hivi. Seli zilizolijenga zinakufa. Hakuna fundi wa kurudi kurekebisha. Kwa hivyo ile rangi ya kahawia si uchafu. Jino halikujipaka. Lilijengwa na maji yaliyokuwepo.

Na hapa ndipo niliposhikwa. Mimi nilikulia Kakamega. Meno yangu ni meupe, na sikufanya lolote ili yawe hivyo. Lakini tangu nije Nakuru nakunywa kisima kile kile anachokunywa dada yetu. Meno yangu hayawezi tena kubadilika, ila mfupa haumalizi kujengwa. Unabomolewa na kujengwa upya maisha yote, na floraidi inaingia humo. Ikizidi kwa miaka mingi, inaleta maumivu na viungo kukakamaa. Maji ni yale yale. Kwake yameonekana usoni, kwangu yanaendelea kuingia mahali hamuoni. Nilikuwa namcheka mtu kwa jambo ambalo mifupa yangu inalifanya kimyakimya.

Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba jicho haliwezi kuuambia mkono haliuhitaji. Nimelihubiri hilo mara nyingi, nikidhani ni mfano tu. Na wale wanaonong'ona kwamba ni laana ya ukoo, wasome Yohana 9, waone Yesu alivyowajibu wanafunzi waliouliza ni nani aliyetenda dhambi.

Kuchemsha hakuondoi floraidi. Maji yakipungua kwa mvuke, yenyewe inabaki. Maji ya mvua ni salama zaidi kwa hilo, ukiweka tanki safi. Ndugu zetu wa Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru wamefanya kazi hii tangu miaka ya 1990, wakichuja maji kwa mifupa ya ng'ombe iliyochomwa. Ndiyo, mifupa! Mfupa uliokufa unavuta floraidi ili isifike kwa mfupa ulio hai. Sisi Wapentekoste tulikuwa tunaombea meno.

Wazee wamekubali sampuli ya kisima cha kanisa ipelekwe kupimwa wiki hii. Mpaka majibu yaje, watoto wa shule ya Jumapili watakunywa maji ya mvua ya lile tanki la nyuma ya jikoni, na walimu wasiwajazie chupa kwa mfereji wa nje. Mazoezi ya sifa ni Alhamisi saa kumi na moja. Nitakuwepo, nimekaa nyuma. Dada, nafasi yako ya sauti ya kwanza haijapewa mtu.