Tawakkuli na Shukrani Wakati wa Dhiki

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema. Sifa zote njema ni zake, na rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad, na aali zake na sahaba zake. Amma baad.

Newala ni mji ulio juu ya uwanda wa Makonde, na mchanga wake hunywa mvua yote, usibakishe mto wala kijito. Kwa hiyo watu wa zamani walishuka bondeni kuteka maji, wakayapandisha mlimani kwa vichwa vyao. Mwenye kuitazama hali hiyo humkumbuka Bibi Hajar, aliyeachwa pamoja na mwanawe Ismail katika bonde lisilo na maji wala mmea. Aliridhika, kwa kujua kuwa Mungu hatawapoteza. Wala hakukaa kitako, bali alikwenda mbio baina ya Safa na Marwa mara saba. Na maji hayakutoka Safa wala Marwa alikokimbilia. Yalitoka pale alipokuwapo mtoto. Mbio zilikuwa kazi ya mja, na maji yalikuwa kazi ya Mola. Hiyo ndiyo tawakkuli.

Katika msimu wa mwaka 2018 wakulima wa korosho wa Newala na Tandahimba waliikataa bei ya mnadani kwa kuiona ndogo. Mwezi wa Novemba Serikali ikaamuru zinunuliwe kwa shilingi 3,300 kila kilo, lakini wengi walingoja malipo kwa miezi. Katika dhiki kama hiyo, deni likiwa mlangoni na usingizi umetoweka, Shetani humjia mtu kwa njia ya hofu: humwambia akope kwa riba, au auze kwa kangomba korosho ambazo bado ni maua mtini. Naye Mtume amekataza kuuza matunda kabla ya kudhihiri kuiva kwake. Katazo hilo ni rehema, kwani mwenye kuuza ua huuza asichokijua, na mwenye kulinunua hununua dhiki ya mwenziwe.

Basi mwenye hofu na afanye kazi yake kwanza: apalilie, apulize salfa, apime kwa haki. Kisha matokeo amwachie Mola. Tena ahesabu neema kabla ya kuhesabu deni. Mtu wa Newala atawadhapo kwa kata moja ya maji huijua thamani yake kuliko aliye kando ya mto. Na Mungu ameahidi kumzidishia mwenye kushukuru.

Wala shukrani si ya ulimi peke yake. Mwenye akiba na amkumbuke jirani. Na mwenye kudai, awe wa bara au wa pwani, na ampe muhula mdaiwa aliye katika dhiki, kama ilivyoamriwa katika Kurani. Huenda muhula huo ndio maji ambayo mwenziwe ameyakimbilia mara saba.

Mwenyezi Mungu awape waja wake moyo wa kutegemea na ulimi wa kushukuru. Amin.