Ada na Ahadi



Fedha ya kakao na mpunga ikiingia, wengi wetu hapa Kyela tunajiuliza: mtoto aende shule ya kulipia, ya mchepuo wa Kiingereza, au abaki shule ya serikali, isiyodai ada? Kumtakia mtoto mema si dhambi. Lakini tujihoji: twamtafutia elimu, au twatafuta sifa kwa majirani? Na nduguye anayebaki shule ya kijijini, je, ajione si kitu?

Mwaka 2023 Serikali ilizuia bweni kwa watoto walio chini ya darasa la tano, isipokuwa kwa kibali maalumu, ili wapate malezi ya nyumbani. Sisi Wakristo tulipaswa kulijua hilo mapema. Imani ya Timotheo ilianzia kwa bibi yake Loisi na mama yake Eunike.

Penye birika la ubatizo tuliahidi kumlea mtoto katika Kristo. Hatukuahidi kumlipa mwingine amlee. Basi, popote asomapo, awapo nyumbani tukae naye, tumsikilize, tusali naye.

Bwana atusaidie. Amina.